UZI: Unaamka usiku kukojoa na usingizi umekwisha? Kabla hujaacha kunywa maji, pima kwanza

Nesi_Moro (mleta uzi)

Wakuu salaam. Wazee wetu mliomo humu, shikamooni.

Mimi ni muuguzi, kwa miaka mingi nimekaa kliniki ya presha na kisukari. Kuna lalamiko moja ambalo wagonjwa hawaliweki mezani. Wanalitaja wakiwa wameshasimama, wameshika kitasa cha mlango: "Halafu nesi, usiku silali. Chooni, kitandani, chooni, kitandani." Ukimuuliza tangu lini, anakwambia miaka. Ukimuuliza mbona hakusema, anakujibu kwamba alidhani ni uzee.

Nimeleta uzi huu kwa sababu karibu wote wamejipa dawa ileile nyumbani: wameacha maji. Mtu anakunywa kikombe asubuhi, anashinda na kiu kwenye joto, jioni hagusi kitu, na usiku anaamka vilevile. Wengine wanakuja mkojo umekuwa mweusi kama chai, kichwa kinauma, choo kigumu, na usingizi bado hawajaupata. Inaniuma, kwa sababu wanateseka bure.

Kuamka mara moja usiku, hasa ukishavuka miaka 50, hakuna haja ya kukukosesha amani. Ikifika mara mbili na kuendelea, kila usiku, hapo usingizi unaanza kuharibika kweli. Usingizi mzito, ule unaoupumzisha mwili, huja zaidi katika saa za mwanzo. Ukilala saa nne na kibofu kikakuamsha saa sita, umekatishwa mahali pabaya kuliko pote. Kwa hiyo hata kuisogeza safari ya kwanza kutoka saa sita hadi saa tisa ni faida kubwa, hata kama safari yenyewe haijafutika.

Sasa chanzo. Usiku ubongo hutoa homoni inayoziamuru figo zibane maji, inaitwa vasopresini. Ndiyo maana kijana mzima analala mpaka asubuhi bila kuamka. Umri ukisogea, homoni hiyo ya usiku hupungua. Hilo ni la uzee kweli, lakini mara nyingi haliko peke yake. Kuna watu ambao figo zao zinatengeneza mkojo mwingi usiku kwa sababu nyingine kabisa: miguu iliyovimba, chumvi, dawa ya presha iliyomezwa saa mbaya, moyo uliochoka. Kuna ambao mkojo wao ni wa kawaida ila kibofu hakibebi, kwa sababu ya tezi dume, maambukizi, kichocho, au kibofu chenye haraka. Na kuna wale ambao kilichowaamsha si mkojo hata kidogo. Wameamshwa na joto, mbu, maumivu ya mgongo au mawazo, na kwa kuwa wameshaamka wanaona bora waende tu. Makundi haya matatu hayatibiwi kwa njia moja, na ukikisia utakosea.

Kwa hiyo pima. Chukua chupa ya maji ya lita moja, ikate shingo. Jaza maji chupa ya nusu lita, yamimine humo, weka alama ya kalamu. Hapo una kipimo chako. Kwa siku tatu, kila unapokojoa andika saa na kiasi. Andika pia ulichokunywa, saa uliyolala na saa uliyoamka.

Halafu piga hesabu. Tuseme kwa saa 24 umetoa mililita 1,800. Za usiku ni 800. Hapa wengi hukosea: mkojo wa kwanza wa asubuhi unahesabiwa kuwa wa usiku, kwa sababu umetengenezwa ukiwa umelala, na ule uliokojoa dakika chache kabla ya kulala ni wa mchana. Kwa mtu aliyepita miaka 65, wa usiku ukizidi theluthi moja ya wote, tatizo ni mkojo mwingi wa usiku. Kwa kijana hata ukizidi sehemu moja ya tano tayari ni mwingi. Kama badala yake unaona unakojoa kidogo kidogo, mililita 100 au 150, mchana na usiku, wakati kibofu cha mtu mzima hubeba 300 hadi 500, basi tazama kibofu na tezi. Na kama jumla ya siku nzima inapita mililita 40 kwa kila kilo ya uzito wako, maana yake kwa mtu wa kilo 60 ni zaidi ya 2,400, kapime sukari wiki hii hii.

Ukienda kwa daktari na karatasi hiyo, mazungumzo yanabadilika. Karibuni tujadili.

---

Dereva_Tunduma

Dada nesi, Mungu akubariki. Mimi ni dereva wa masafa. Barabarani sinywi maji maana huwezi kusimamisha gari kila saa, na sehemu nyingine si salama kusimama. Nikifika na kuegesha ndiyo nakunywa, chupa kubwa mbili pamoja na chakula, na chai juu yake. Usiku sasa ndiyo vita. Hapo nisipunguze maji?

Nesi_Moro

Kaka Dereva, maji usiyapunguze, yahamishe. Kiasi kilekile unachokunywa usiku kianze kuingia asubuhi, kikombe baada ya kikombe, na sehemu kubwa iwe imeshaingia kabla ya saa kumi na moja jioni. Saa mbili au tatu za mwisho kabla ya kulala, kunywa mafunda ya kumezea chakula au dawa tu. Najua barabarani kusimama ni shida, lakini kila mnapopumzika au kwenye foleni ya mizani, shuka ukojoe. Kuubana mkojo kutwa nzima pia si kuzuri.

Chai nayo ina kafeini. Kafeini huchukua takriban saa tano mpaka nusu yake iondoke mwilini, kwa hiyo ya saa mbili usiku bado inafanya kazi saa saba. Inakukojosha, inakichokoza kibofu, na inaufanya usingizi kuwa mwepesi kiasi kwamba hata mkojo mdogo unakuamsha. Soda za kuongeza nguvu ni vivyo hivyo. Na pombe, kwa wanaokunywa, inaizuia moja kwa moja ile homoni niliyoitaja juu.

---

Binti_Makunduchi

Assalaam alaykum. Ahsante sana kwa elimu. Mie niko Unguja. Baba yangu mwaka mzima huwa hajambo, Ramadhani ikiingia tu halali. Anafuturu kwa uji, chai, tunda la tikiti, madafu, mchuzi wa papa mkavu. Akirudi tarawehe anakaa barazani na wenziwe, kahawa. Kisha daku. Ana presha, na dawa yake ya asubuhi kaihamishia usiku kwa sababu ya saumu. Tufanyeje, maana na maji lazima anywe?

Nesi_Moro

Wa alaykum salaam mdogo wangu. Umeeleza vizuri mno, na katika maelezo yako mna mambo manne tofauti.

La kwanza ni dawa. Kuna vidonge vya presha vya kupunguza maji, na kazi yake ni kukojosha. Furosemidi hufanya kazi kwa takriban saa sita. Akiimeza baada ya tarawehe, usiku wake umeshakwisha. Angalia jina kwenye pakiti, kisha mpeleke kwa daktari wake kabla ya mwezi kuandama, wapange upya. Asiiache wala asijipangie mwenyewe. Wapo wagonjwa ambao daktari huihamishia dozi yao kwenye futari hasa, saa kumi na mbili na nusu, ili kufika saa tano sehemu kubwa ya kazi yake iwe imekwisha.

La pili ni chumvi. Papa mkavu na ng'onda ni chumvi tupu, na achari pia. Chumvi inashika maji mwilini, halafu usiku figo zinaitoa, na inatoka pamoja na maji yake. Mwaka 2017 madaktari wa Chuo Kikuu cha Nagasaki, Japani, walitoa matokeo ya watu zaidi ya 300 waliokuwa wanakula chumvi nyingi na kulala vibaya. Waliofaulu kuishusha kutoka gramu 10.7 hadi 8.0 kwa siku, safari zao za usiku zilishuka kwa wastani kutoka 2.3 hadi 1.4. Ambao chumvi yao ilipanda, safari nazo zilipanda. Na gramu 8 bado ni nyingi: Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, ikihesabiwa na ile iliyomo ndani ya mkate na samaki. Kwa baba, mloweke papa na kumwaga yale maji zaidi ya mara moja kabla ya kupika, au mbadilishieni samaki mbichi.

La tatu, kahawa ya barazani. Najua lile baraza ndilo raha ya mzee, msimtoe. Abaki na mazungumzo na tende, kahawa aiache mpaka mwezi uishe, au aonje kikombe kimoja mara tu baada ya futari.

La nne, maji. Mwezi huo saa za kunywa ni chache, na kwa joto la pwani asipokunywa atadhurika mchana. Anywe zaidi kuanzia futari hadi tarawehe, na tena kwenye daku. Katikati anywe kidogo. Safari moja usiku wa Ramadhani mkubaliane nayo tu, na ikiangukia saa ya daku ndiyo bora.

---

Mjukuu_wa_Kilosa

Babu yangu (miaka 74) ukimuona jioni soksi zimemchora alama miguuni. Nimefanya hesabu yako ya chupa tangu ulipoweka uzi. Usiku ni zaidi ya nusu ya mkojo wake wote! Na jioni hanywi kabisa. Mkojo huo unatoka wapi?

Nesi_Moro

Umefanya kazi nzuri sana, na swali lako ndilo nililokuwa nalisubiri.

Unatoka miguuni. Mzee akishinda amekaa kwenye kiti, maji ya mwili yanashuka na kutuama kwenye vifundo na ndama. Akijilaza kitandani, maji yaleyale yanarudi kwenye damu, yanafika kwenye figo, na figo zinayatoa. Anaamka saa saba kukojoa uji alioukunywa asubuhi. Ndiyo maana kumnyima maji jioni hakumsaidii.

Kinachomsaidia ni kuyarudisha maji hayo mapema. Kuanzia saa kumi alasiri, saa moja hadi mbili, alale chali kwenye mkeka au kochi, miguu juu ya mito ifike usawa wa moyo au juu kidogo. Atajikuta anakwenda kukojoa saa kumi na moja, saa kumi na mbili, na hicho ndicho tunachokitaka. Kabla ya hapo atembee kidogo mchana, maana misuli ya ndama ikifanya kazi inasukuma maji juu. Soksi za kubana nazo zinafaa, azivae asubuhi kabla miguu haijavimba na kuzivua wakati wa kulala, ila kwanza daktari ahakikishe mishipa ya miguu inapitisha damu vizuri, hasa kama ana kisukari.

Tazama pia dawa zake. Amlodipini, ambayo wengi wanaitumia kwa presha, huwavimbisha baadhi ya watu vifundo. Ikiwa ndiyo anayoitumia, mweleze daktari kuhusu uvimbe na kuhusu usiku. Usimwachishe, maana presha ikipanda inaweza kumletea kiharusi.

Ila mjukuu wangu, kuna jambo sitaki ulipite. Muulize babu analala na mito mingapi. Akilala bapa anakosa pumzi? Akipanda kilima kidogo anahema? Uvimbe umeanza karibuni au umepanda hadi magotini? Lolote kati ya hayo, moyo na figo vipimwe bila kungoja. Na mguu ukivimba mmoja tu, unauma na una joto, hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda kwenye mshipa. Hapo ni hospitali siku hiyohiyo.

Mjukuu_wa_Kilosa

Analala na mito mitatu. Kesho nampeleka.

Nesi_Moro

Mpeleke, na mbebe karatasi ya vipimo pamoja na pakiti zote za dawa. Tupe habari.

---

Mzee_wa_Mbezi

Nimekuwa msomaji tu humu, leo nimeona niandike. Nina miaka 63. Mkojo unachelewa kuanza, unatoka mwembamba, nikimaliza nahisi bado. Usiku ndiyo usiseme. Kusema kweli kinachonizuia kwenda hospitali ni hicho kipimo cha kidole. Kuna kijana ananiuzia unga wa mizizi, anasema tezi dume inayeyuka. Mnasemaje?

Fundi_Rangi

Mzee shikamoo. Huo unga mjomba wangu aliutumia. Alikuja kuziba mkojo kabisa usiku, tukamkimbiza akawekewa mpira. Usichelewe baba.

Nesi_Moro

Shikamoo baba, na ahsante kwa kuandika, kwa sababu kuna wenzio wengi wanasoma wakiwa na hali hiyohiyo.

Kinachoitwa tezi dume kwa lugha ya mtaani mara nyingi ni tezi iliyokua kwa umri, na kukua huko si saratani. Lakini dalili zinaweza kufanana, kwa hiyo ni lazima ipimwe. Mwanzo wa uchunguzi ni maswali, kipimo cha mkojo, sukari, kipimo cha damu cha PSA, na picha ya ultrasaundi inayoonyesha ukubwa wa tezi na mkojo unaobaki baada ya kukojoa. Kidole ni cha sekunde chache, kinafanywa faragha, na daktari anakueleza kabla. Una haki ya kuuliza na ya kusema unavyojisikia. Kisikuondolee maisha.

Tiba ipo. Tamsulosini hulegeza shingo ya kibofu, na wengi huona nafuu ndani ya siku au wiki chache. Inaweza kuleta kizunguzungu ukisimama ghafla. Finasteridi hupunguza ukubwa wa tezi, lakini inataka miezi. Kuna pia upasuaji unaofanywa kupitia njia ya mkojo, bila kupasua tumbo. Nikueleze ukweli mmoja ambao wauza unga hawausemi: hata tezi ikitibiwa vizuri, safari za usiku ndizo huwa za mwisho kupungua, kwa sababu mara nyingi na ule mkojo mwingi wa usiku upo. Ndiyo maana nasisitiza chupa ya kupimia hata kwako.

Wakati unangoja kumuona daktari, ukienda kulala kojoa, tulia dakika mbili tatu, kisha kojoa tena. Dawa za mafua zenye kufungua pua na zile za mzio zinazoleta usingizi uziepuke, zinaweza kuuziba mkojo.

Na hili kila mwenye baba alisome: mzee ambaye hakuwa na tabia hiyo akianza kulowesha kitanda, msimfokee wala msimpe nepi mkanyamaza. Kibofu kinaweza kuwa kimejaa kupita kiasi, mkojo unamwagika kwa juu, na figo zinaharibika kimyakimya bila maumivu. Apelekwe haraka.

---

Mama_Pacha

Nesi, mume wangu (46) haumwi kitu. Sukari sawa, tezi sawa, mkojo safi. Anaamka usiku kukojoa, tena mwingi. Na anakoroma mpaka watoto wanalalamika. Asubuhi anaamka amechoka, anasinzia hata kwenye ibada.

Nesi_Moro

Mama Pacha, umeshataja jibu. Akikoroma, je, kuna wakati anakatika kabisa, kimya, kisha anashtuka kama mtu aliyekabwa? Kama ndiyo, koo linaziba usingizini. Kila linapoziba anavuta pumzi kwa nguvu, kifua kinavuta damu nyingi kuelekea moyoni, moyo unadanganyika kwamba maji yamezidi na unatoa homoni ya kuzikojosha figo. Mkojo ule ni mwingi kweli, lakini ugonjwa uko kooni. Wagonjwa wa namna hii wakitibiwa kukosa pumzi, kwa mashine ya kusukuma hewa inayovaliwa usiku, safari za chooni hupungua nazo. Kupunguza uzito na kulala ubavu husaidia kiasi. Presha yake ipimwe pia. Na kama ni mtu wa kuendesha gari, alale kwanza kidogo kabla ya safari, kwa sababu usingizi wa namna hiyo unaua barabarani.

---

Mlinzi_Geti_B

Sisi wa zamu ya usiku je? Nalala mchana.

Nesi_Moro

"Usiku" wako ni pale unapolala, saa yoyote. Hesabu zote ni zilezile. Chai ya zamu iishie saa tisa usiku.

---

Shangazi_Kilifi

Hamjambo. Bibi yetu alianguka akienda choo cha nje gizani, akavunjika nyonga. Sasa yuko nyumbani anaendelea, lakini bado usiku anaamka. Tunaogopa.

Nesi_Moro

Poleni sana Shangazi. Mvunjiko wa nyonga kwa mzee ni jambo zito, na safari hizi za gizani zinaongeza hatari yake. Kwake kupunguza safari ni hatua ya pili. Ya kwanza ni kuifupisha.

Wekeni chombo karibu na kitanda, ndoo ndogo nzito isiyopinduka, yenye mfuniko, au kiti chenye tundu na ndoo chini yake. Fundi seremala yeyote anatengeneza. Wazee wengi wanaona aibu, kwa hiyo mwenye kumweleza awe mtu anayemheshimu, na asubuhi imwagwe kabla wageni hawajafika. Taa ndogo ya sola iwake usiku kucha, mwanga hafifu, chini karibu na sakafu. Mikeka inayoteleza na nyaya zitoke njiani. Akiamka akae kwanza ukingoni mwa kitanda, apumue, achezeshe miguu, ndipo asimame, maana presha hushuka mtu akiinuka ghafla. Na wanaume usiku wakojoe wameketi, kuna wanaozimia wakiwa wamesimama wanakojoa.

Mkojo wake upimwe. Kwa wanawake waliokoma hedhi maambukizi ni ya mara kwa mara, na uke unapokauka kibofu nacho hupata haraka. Kuna krimu ya homoni ya kupaka ndani ambayo daktari anaweza kumwandikia. Muulizeni pia kuhusu choo kikubwa. Choo kigumu kinakibana kibofu, na nimeona mabibi waliopata usingizi baada ya kutibiwa kufunga choo tu.

---

Mwanakwetu_Ilala

Mimi ni mjamzito, miezi minane. Ni kawaida?

Nesi_Moro

Kawaida, mtoto anakikalia kibofu. Lakini ukisikia kuchoma, homa au maumivu ya kiuno, nenda kliniki usingoje tarehe yako, maambukizi ya mkojo yanaweza kuleta uchungu kabla ya wakati.

Mwanakwetu_Ilala

Ahsante. Na dada yangu alipata uchungu wa siku nyingi, tangu ajifungue mkojo unavuja mchana na usiku, hauzuiliki. Anajificha.

Nesi_Moro

Mwambie leo kwamba hiyo yaweza kuwa fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, na inatibika. Hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam imejulikana kwa miaka mingi kwa kutibu fistula ya uzazi. Umsindikize wewe mwenyewe kama unaweza, asiende peke yake.

---

Kijana_wa_Mpunga

Mkuu, mimi nina 24, nalima mpunga. Naamka usiku, na mwisho wa mkojo naona damu kidogo. Haiumi sana.

Nesi_Moro

Damu kwenye mkojo haisubiri, hata kama haiumi. Kwa kijana anayeshinda ndani ya maji ya mpunga nafikiria kichocho kwanza. Peleka mkojo wa mchana, kati ya saa nne na saa nane, mayai yake huonekana zaidi wakati huo. Tiba ni prazikwanteli, dozi inapimwa kwa uzito au urefu wako. Kichocho kikiachwa miaka kinakunjamanisha kibofu na kinaweza kuleta saratani. Na kwa wazee wanaosoma hapa: kwenu damu hiyohiyo lazima ichunguzwe kwa saratani ya kibofu, msijiambie ni kichocho cha utotoni.

---

Dereva_Tunduma

Nimerudi. Nimehamisha maji kama ulivyosema, na chai ya usiku nimeacha. Nafuu naiona. Ila nimesikia kuna kidonge cha kuzuia mkojo usiku. Nikinunue?

Nesi_Moro

Nimefurahi kaka. Hicho ni desmopresini, inafanya kazi ya ile homoni. Usiinunue duka la dawa kwa kusikia. Inaweza kushusha sodiamu ya damu, hasa kwa wazee, mtu akachanganyikiwa au akapata degedege. Inatolewa na daktari, damu ikipimwa kabla na baada. Na wewe umeshapata nafuu bila hiyo.

Mjukuu_wa_Kilosa

Habari: babu amepimwa, wamekuta moyo umepanuka. Ameanzishiwa dawa, kidonge cha maji anameza asubuhi. Alama za soksi zimepungua, na jana amelala hadi saa tisa. Bibi anasema na yeye amelala.

Nesi_Moro

Alhamdulillah, hongera sana mjukuu. Kliniki asiikose, na kila asubuhi apimwe uzito. Ukipanda kilo mbili ndani ya siku chache mrudishe mapema.

---

Mama_wa_Gairo

Mwanangu nesi, haya naandikiwa na binti yangu. Mimi sijui kusoma, na usiku sitaki kumwamsha mtu aniandikie. Hiyo hesabu nitaifanyaje?

Nesi_Moro

Shikamoo mama. Huhitaji kuandika. Tafuta ndoo mbili zenye mfuniko. Unapokwenda kulala, ukishakojoa wa mwisho wa mchana ndani ya ndoo ya kwanza, isogeze pembeni. Kuanzia hapo kila unapoamka kojoa kwenye ndoo ya pili, mpaka ule wa asubuhi unapoinuka. Kukipambazuka binti apime ya usiku mara moja kwa ile chupa iliyokatwa, aandike, aimwage. Mchana kutwa tumia ya kwanza, nayo ipimwe jioni ukishakojoa wa mwisho. Kujua mara ulizoamka, weka punje ya mahindi kwenye kikombe kila unaporudi kitandani. Fanya hivyo siku tatu, kisha binti aniandikie hapa namba zote, umri wako, na majina ya dawa kama yalivyo kwenye pakiti.